Metali katika maji ya maziwa ya ncha za dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wanafunzi wa kemia ya maji, walimu na wasomaji wa kawaida huyarudia kila mazungumzo yanapofika kwenye maziwa ya Antaktika na Aktiki. Mifano mingi inatoka Mabonde Makavu ya McMurdo, Antaktika, kwa kuwa maziwa yake yamechunguzwa kwa muda mrefu na kwa makini. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Metali zinazozungumziwa ni zipi?

Ni zile zilizomo majini kwa kiasi kidogo mno: chuma, manganisi, shaba, zinki, nikeli, kobalti, kadimi, risasi, zebaki na nyingine za kundi hilo. Sodiamu, kalsiamu na magnesiamu nazo ni metali, lakini ni sehemu ya chumvi ya kawaida ya maji, hupimwa kwa miligramu, na hazihesabiwi humu.

Uchache wao usikudanganye. Mwani hauwezi kujitengenezea chakula bila chuma. Shaba kidogo ni lishe kwa vijidudu, ikizidi ni sumu. Kadimi na risasi zina madhara hata zikiwa chache kiasi ambacho jicho, ulimi wala pua haviwezi kugundua.

2. Kwani huko kuna maziwa? Si barafu tupu?

Yapo, na mengine ni makubwa. Mabonde Makavu ya McMurdo ni sehemu ya Antaktika ambayo haijafunikwa na barafu; theluji yake ya mwaka mzima ikiyeyushwa haifikishi milimita 100 za maji. Kiangazi cha huko, mnamo Desemba na Januari, jua halizami, na kingo za mito ya barafu huyeyuka kidogo. Vijito hutiririka kwa majuma machache na kuingia katika maziwa kama Vanda, Bonney, Fryxell na Hoare. Maziwa haya yana mfuniko wa barafu wa mita 3 hadi 6 hivi mwaka mzima. Kiangazi kinapofika, kinachofunguka ni ukanda mwembamba wa maji ukingoni.

Mto mrefu kuliko yote Antaktika, Onyx, una kilomita zipatazo 32. Unaipa bahari mgongo na kuishia Ziwa Vanda. Hakuna mto unaotoka Vanda, kama ilivyo kwa Ziwa Turkana. Maji hupotea kwa barafu ya juu kugeuka mvuke moja kwa moja. Metali ikishaingia humo haina pa kutokea, isipokuwa kuzama kwenye tope la chini. Hakuna mji, shamba wala msitu wa kuvuruga hesabu. Ndiyo maana wanakemia wako tayari kusafiri mbali kiasi hicho kwa ajili ya chupa chache za maji.

3. Kidogo ni kidogo kiasi gani?

Kipimo kinachotumika sana ni mikrogramu kwa lita: gramu 1 ya metali ndani ya lita milioni 1. Kwenye tabaka la juu la maziwa kama Vanda metali nyingi hazifikii hata mikrogramu moja, kwa hiyo tunashuka hadi nanogramu. Nanogramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 iliyosambazwa katika mabwawa 400 ya kuogelea ya Olimpiki. Zebaki katika maziwa safi ya Aktiki huwa katika kiwango hicho, au chini yake.

Kumbuka kipimo hiki utakapofika swali la 10, kwa sababu ndicho kinachofanya kazi ya kuchota maji iwe ngumu kuliko kazi ya maabara.

4. Metali zimefikaje mahali pasipo na viwanda wala magari?

Nyingi zimetoka kwenye mawe. Maji ya kijito hupita katikati ya mchanga na changarawe za kitanda chake, na hata katika baridi ile madini huliwa na maji pole pole. Vumbi linalopeperushwa na upepo wa bondeni hutua juu ya barafu ya ziwa, hupashwa joto na jua, na huyeyusha njia yake kuelekea chini. Mahali pengine kuna maji ya chumvi ya kale yanayotoka chini ya mto wa barafu (swali la 7). Na kuna sehemu inayofika kwa hewa kutoka mabara mengine, ambayo ni matokeo ya shughuli za binadamu (maswali ya 15 na 16).

## Ndani ya ziwa

5. Kwa nini ziwa moja huwa na metali chache juu na nyingi chini?

Tuchukue Vanda, lenye kina cha mita 75 hivi. Juu, chini ya mfuniko wa barafu, kuna maji matamu ya baridi na maangavu mno. Chini kabisa kuna maji mazito ya chumvi, hasa kloridi ya kalsiamu, yenye joto linalozidi nyuzi 20 za Selsiasi. Joto hilo linatoka kwa jua: mwanga hupenya barafu na maji hadi chini, na maji ya chumvi hayawezi kupanda kulirudisha juu kwa sababu ni mazito. Matabaka hayachanganyiki. Oksijeni imejaa juu, na kufikia kina cha mita 60 hivi imekwisha.

Sasa ifuate kobalti kutoka Mto Onyx. Inaingia ziwani imeyeyuka. Kwenye maji yenye oksijeni, manganisi hugeuka oksidi, vijichembe vyeusi-kahawia ambavyo uso wake huvuta metali nyingine na kuzishika. Kobalti inanaswa, pamoja na nikeli na sehemu ya shaba na risasi, na mzigo wote unaanza kuzama. Ukivuka mpaka wa oksijeni, oksidi ya manganisi haiwezi kudumu tena. Inayeyuka na kuachia ilichobeba. Ndiyo maana karibu na mpaka ule kipimo cha manganisi kinapanda ghafla, na kobalti nayo inapanda pamoja nayo. Ukishuka zaidi unakutana na salfaidi, aina ya salfa inayodumu pasipo na oksijeni, inayoshikana na shaba, kadimi na risasi na kuziangusha kwenye tope.

William Green na wenzake, walioanza kuchapisha kazi zao kuhusu Vanda miaka ya 1980, ndio waliotuonyesha kwa uwazi jinsi manganisi inavyowaendesha wengine. Kwa maoni yangu hakuna mfano bora wa kumfundishia mwanafunzi jambo hili. Katika ziwa linalovurugwa na upepo, hatua hizi zote zingefutana ndani ya juma moja.

6. Mbona manganisi huanza kuyeyuka juu kidogo kuliko chuma?

Bakteria wakikosa oksijeni hutafuta kitu kingine cha kupumulia, na wanafuata mpangilio wa faida. Naitreti hutangulia, kisha oksidi za manganisi, kisha oksidi za chuma, mwisho salfeti. Kwa hiyo ukiteremsha chupa zako mita kwa mita unatarajia manganisi iliyoyeyuka iongezeke kabla ya chuma, na salfaidi ije baadaye. Takwimu zako zikionyesha kinyume, kwanza shuku kamba na kina ulichoandika, ndipo ushuku kemia.

7. "Maporomoko ya Damu" ni nini hasa?

Ni doa jekundu linalotiririka kwenye uso wa Mto wa Barafu wa Taylor na kuingia upande wa magharibi wa Ziwa Bonney. Mwanajiolojia Griffith Taylor aliliona mwaka 1911 akiwa kwenye msafara wa Robert Falcon Scott, na ikadhaniwa kuwa wekundu ule ni wa mwani. Ni kutu.

Chini ya barafu ile kuna maji ya chumvi yaliyotokana na bahari ya kale, yakafungiwa humo kwa zaidi ya miaka milioni 1, bila mwanga na bila oksijeni. Chumvi yake ndiyo inayoyazuia kuganda. Chuma kilichomo kimeyeyuka na hakina rangi ya kutisha, na ni kingi: zaidi ya miligramu 100 kwa lita, yaani maelfu ya mara kuliko tabaka la juu la maziwa ya jirani. Kikitoka na kukutana na hewa, ndipo kinapogeuka chekundu. Mwaka 2009 Jill Mikucki na wenzake walieleza kwamba humo wanaishi vijidudu vinavyotumia salfeti na chuma kujipatia nishati. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa chuma kile chekundu kiko katika viduara vidogo mno visivyo na umbo la fuwele, vyenye pia silikoni, kalsiamu na alumini. Njia za kawaida za kutambua madini hutegemea fuwele, kwa hiyo viduara hivyo vilikuwa vikiwaponyoka watu.

8. Je, chumvi nyingi maana yake metali nyingi?

Hapana. Kidimbwi cha Don Juan, kilichogunduliwa mwaka 1961 na kupewa jina kutokana na marubani wawili wa helikopta, kina chumvi inayozidi asilimia 40 kwa uzito na hakigandi hata baridi inapofika nyuzi 50 chini ya sifuri. Hilo peke yake halikuambii lolote kuhusu shaba au nikeli yake. Kinachoamua zaidi ni oksijeni, salfaidi na vijichembe (swali la 5). Chumvi ina mchango wa aina nyingine: kloridi hushikana na metali kama kadimi na kuibakiza ndani ya maji badala ya kuiacha inate kwenye vijichembe.

9. Vijidudu vya huko vinazihitaji metali au vinadhurika nazo?

Vyote viwili, na Ziwa Bonney limewasumbua watu kwa hilo. Lina pande mbili zilizounganishwa na mlango mwembamba. Katika maji ya chini ya upande wa magharibi, bakteria hula naitreti na kuigeuza gesi ya nitrojeni, kama inavyotarajiwa oksijeni inapoadimika. Upande wa mashariki naitreti imebaki pale pale, nyingi, ingawa bakteria wa aina hiyo wapo. Vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo vinahitaji chuma na shaba, kwa hiyo wazo la kwanza likawa metali: ama zimepungua, ama zimezidi hadi kuwa sumu. Wazo hilo limejaribiwa kwa kuongeza metali katika maji na kwa kuzifunga, na halijatoa jibu rahisi. Jumla ya shaba iliyomo majini haisemi ni kiasi gani bakteria anaweza kukichukua, maana sehemu kubwa ya shaba hufungwa na mabaki ya viumbe.

## Kuchota na kupima

10. Kwa nini usijaze tu chupa ukaipeleka maabara?

Kwa sababu utapima chupa, mikono yako na helikopta iliyokuleta. Maji yenye nanogramu chache za risasi huchafuliwa na vumbi la glavu, kutu ya boliti, moshi wa jenereta, hata jasho.

Kwenye Mabonde Makavu kuna mtego mmoja ninaousisitiza kila nikipata nafasi. Ili kufika majini hutoboa barafu kwa keekee, kisha kulipanua shimo kwa koili ya shaba inayozungushiwa kimiminika cha moto. Soma tena: koili ya shaba, ndani ya shimo ambalo unataka kupimia shaba. Maji ya shimo hilo hayafai. Liache litulie, teremsha chupa iliyofungwa chini kabisa ya barafu, uifungulie huko, na uchote tabaka la juu mwishoni. Ripoti isiyosema shimo lilitobolewa vipi, mimi siipi uzito kwenye safu ya shaba.

11. "Mikono safi, mikono michafu" ni utaratibu gani?

Ni watu wawili wenye kazi zisizoingiliana. Chupa imeoshwa kwa asidi kwa siku nyingi, ikasuuzwa kwa maji safi mno, ikafungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Mwenye mikono michafu hushika kamba, winchi na mfuko wa nje, basi. Mwenye mikono safi huingiza mkono kwenye mfuko wa nje, hufungua wa ndani, hutoa chupa, huchota na kuirudisha. Hagusi kitu kingine chochote, hata akiombwa kushika penseli. Wote wawili husimama upande upepo unakotokea, mbali na mashine.

Chupa moja hujazwa palepale kwa maji safi ya maabara, ikapitia kila hatua. Hiyo ni sampuli tupu ya uwandani, na ndiyo inayokuambia umechafua kiasi gani.

12. "Metali iliyoyeyuka" inamaanisha nini kwenye majedwali?

Inamaanisha iliyopita kwenye chujio, ambalo kwa kawaida lina matundu ya mikromita 0.45 au 0.2. Ni mpaka wa makubaliano. Viduara vya chuma vya Maporomoko ya Damu (swali la 7) vinaweza kupita chujio hilo ilhali havijayeyuka. Chuja palepale kabla ya kutia asidi. Ukitanguliza asidi, vijichembe vitayeyuka na utaita "iliyoyeyuka" kitu kilichokuwa mchanga. Kwa maji yasiyo na oksijeni, yachuje bila kuyakutanisha na hewa, la sivyo chuma chote kitabaki juu ya chujio.

13. Zinapimwa kwa mashine gani, na mbona maji ya chini yanasumbua?

Mashine inayotumika zaidi hupuliza maji kama ukungu ndani ya plazima ya gesi ya argoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, metali zikageuka ayoni, kisha ayoni hupangwa kwa uzito. Chuma kina uzito wa 56. Bahati mbaya argoni, 40, ikishikana na oksijeni, 16, nayo inafika 56, na mashine inahesabu gesi yake yenyewe kama chuma. Kwa hiyo hutumika chumba cha ndani chenye heliamu au haidrojeni ili kuuondoa mchanganyiko huo. Kloridi huleta shida ya namna hiyo kwa aseniki, yenye uzito wa 75, na maji ya chini ya Vanda yamejaa kloridi.

Maji ya chumvi nyingi huzimuliwa, au hupitishwa kwenye resini inayoshika metali na kuacha chumvi ipite. Pima pia sampuli rejea, mfano zile za maji ya mto zinazotolewa na Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, na uchapishe ulichopata karibu na thamani yake halali.

14. Naweza kulinganisha takwimu za leo na za miaka ya 1960?

Chumvi, ndiyo. Risasi, zinki na shaba, kwa tahadhari kubwa. Clair Patterson, yuleyule aliyeupima umri wa dunia mwaka 1956, ndiye aliyeonyesha kwamba vipimo vingi vya risasi vya zama zake vilikuwa uchafu wa maabara. Wengine walipofuata njia safi, thamani zilizokubalika kwa maji ya bahari zilishuka mara kumi, nyingine hata mara elfu. Ukiona risasi "imepungua" katika ziwa la ncha tangu 1965, uliza kwanza kama kilichopungua ni uchafu wa chupa.

## Uchafuzi unaotoka mbali na karibu

15. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huku kwetu inaweza kufika Aktiki?

Inaweza, na hili linatuhusu moja kwa moja. Mchimbaji anapochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, iwe Geita, Chunya au Migori, mvuke wa zebaki hukaa hewani miezi mingi, muda wa kutosha kuizunguka dunia. Uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu huiingiza hewani, zaidi ya theluthi moja. Anayeumia kwanza ni mchimbaji mwenyewe na watoto walio karibu na moto ule, Aktiki inafuata.

Huko kaskazini, jua linaporudi baada ya usiku mrefu wa majira ya baridi, bromini kutoka kwenye barafu ya bahari hugeuza zebaki ya hewani kuwa aina inayoanguka kwenye theluji. Jambo hili liligunduliwa Alert, Kanada, na kutangazwa mwaka 1998. Sehemu kubwa hurudi hewani, nyingine huenda na maji ya kuyeyuka hadi maziwani, ambako bakteria wa mahali pasipo na oksijeni huigeuza methili-zebaki, inayojilimbikiza kwa samaki na kwa watu wanaowala.

16. Na risasi ya petroli?

Nayo ilifika. Mwaka 1969 Murozumi, Chow na Patterson (swali la 14) walionyesha kwamba risasi katika theluji ya Greenland iliongezeka zaidi ya mara 200 tangu 800 KK hadi miaka ya 1960. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiacha kwenye magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

17. Aktiki na Antaktika zina shida zilezile?

Hapana. Antaktika haina migodi. Aktiki inayo, na viyeyushio vya madini pia. Kwenye Rasi ya Kola, Urusi, maziwa yaliyo karibu na viyeyushio vya nikeli na shaba, Imandra likiwamo, yamebeba mzigo huo kwa miongo mingi. Kiyeyushio cha mji wa Nikel kilifungwa Desemba 2020. Norilsk, mji wa viyeyushio huko Siberia, ni habari ya namna hiyo.

Ziwa Hazen, katika kisiwa cha Ellesmere nchini Kanada, halina kiwanda karibu, lakini limepashwa joto. Utafiti wa mwaka 2018 ulieleza kuwa maji ya kuyeyuka yanayoliingia yaliongezeka hadi takribani mara 10, yakibeba tope na pamoja nalo metali. Na kaskazini mwa Alaska, vijito vya safu ya Brooks vimegeuka rangi ya chungwa: ardhi iliyokuwa imeganda daima inayeyuka, madini ya salfaidi yanakutana na oksijeni, asidi inazaliwa, chuma, zinki, nikeli na kadimi vinatoka. Hapo mgodi haujachimbwa.

## Maswali ya pembeni

18. Maji ya ziwa la Antaktika yananyweka?

Tabaka la juu la Vanda, kwa upande wa metali, lingepita mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa nafasi kubwa: risasi mikrogramu 10 kwa lita, kadimi 3, nikeli 70, shaba 2,000. Maji ya chini ni chumvi kali isiyonyweka.

19. Vipi maziwa yaliyo chini ya barafu ya kilomita kadhaa?

Hapo swali la 10 linakuwa zito zaidi. Warusi waliufikia uso wa Ziwa Vostok tarehe 5 Februari 2012, kina cha mita 3,769, kwa shimo lililojazwa mafuta ya taa na freoni ili lisifunge. Kemia ya metali kwenye maji yaliyogusana na mafuta hayo ina mashaka makubwa. Wamarekani walipotoboa Ziwa Whillans Januari 2013, barafu ya mita 800, walitumia maji ya moto yaliyochujwa na kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno, na vifaa vikaoshwa kwa peroksidi ya haidrojeni. Nauona huo kuwa mfano wa kufuata, ingawa maji ya moto nayo yana metali zake na lazima yapimwe.

20. Watafiti wenyewe hawachafui?

Wanachafua, ndiyo maana kuna sheria. Itifaki ya Mazingira ya Mkataba wa Antaktika, ya mwaka 1991, ilianza kutumika 1998. Mabonde Makavu ni eneo la usimamizi maalumu, na taka zote, hata mkojo, huondolewa. Kituo cha Vanda cha New Zealand kilibomolewa katikati ya miaka ya 1990 huku ziwa likipanda kuelekea kilipokuwa, na udongo ulioachwa ukapimwa metali kabla maji hayajaufikia.

21. Maabara imeandika "chini ya kikomo". Niweke sifuri?

Usiweke. Kikomo hicho, yaani kiasi kidogo kabisa kinachoweza kutambuliwa kwa uhakika, hutokana na kutawanyika kwa sampuli tupu (swali la 11), kwa kawaida mara tatu ya mchepuko wake wa kawaida. Kama sampuli zako tupu zilikuwa chafu, kikomo kimepanda, na "chini ya kikomo" inaeleza kazi yako kuliko inavyoeleza ziwa. Andika kikomo chenyewe, kwa kila metali.

22. Nina chupa za zamani zilizotiwa asidi. Bado zinafaa?

Kwa shaba, nikeli, kobalti, kadimi na risasi, chupa ya polithini iliyooshwa vizuri na kutiwa asidi safi hadi pH chini ya 2 hutunza maji kwa miaka, mradi kifuniko hakijalegea. Ipime chupa kwanza: kama uzito umepungua, maji yamevukiza na namba zote zimepanda. Kwa zebaki, chupa hiyo haifai. Mvuke wa zebaki hupenya polithini, kutoka ndani kwenda nje na kutoka hewa ya chumba kuingia ndani, hivyo sampuli za zebaki huchotwa tangu mwanzo kwa chupa za kioo au za Teflon.